Fahamu: Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3

Sauti iliyokwaruza wiki 3 na zaidi, chakula kinachokwama, uvimbe shingoni usiouma: wengi wetu hunywa tangawizi na kusubiri. Kusubiri huko ni hatari, kwani huenda dalili hizo ni za saratani. Daktari wa masikio, pua na koo huingiza kamera nyembamba puani, kisha huchukua kinyama kidogo kikapimwe maabara. Bila kipimo hicho hakuna uhakika. Saratani ya kisanduku cha sauti ikigunduliwa mapema, mionzi peke yake yaweza kuiponya, na sauti ikabaki. Ikichelewa, huenda kisanduku kikaondolewa na mgonjwa akapumua kwa tundu shingoni. Hapo ndugu wajifunze kulisafisha, wampe na muda wa kujifunza kusema upya. Sigara aiache: huipunguzia mionzi nguvu.