Uwiano wa Picha katika Kanda za Video za Zamani

Kanda za harusi na maulidi zilizorekodiwa Gongoni, mjini Tabora, enzi za VHS zinapohamishiwa kwenye kompyuta, huharibika kwa urahisi katika uwiano wa picha, yaani upana wa picha ukilinganishwa na kimo chake. Televisheni za zamani zilikuwa na uwiano wa 4:3, ilhali skrini nyingi za leo ni 16:9. Picha ya kwanza ikivutwa hadi ijaze skrini ya pili, kila kitu huongezeka upana kwa theluthi moja na bibi harusi hunenepa ghafla.

Tatizo gumu zaidi limo ndani ya faili lenyewe. Tanzania ilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ukigeuzwa kuwa wa kidijiti hutoa fremu yenye pikseli, yaani nukta za picha, 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Ukigawanya namba hizo hupati 1.33 ya uwiano wa 4:3, bali 1.25, kwa sababu pikseli za PAL, tofauti na za kompyuta, si za mraba: upana wake huzidi kimo kidogo. Fremu hiyohiyo hubeba hata picha ya 16:9, na kinachozitofautisha ni taarifa fupi tu iliyoandikwa ndani ya faili. Programu ya kusimba, yaani inayoibana video na kuiandika upya, ikiipuuza, watu wa 4:3 hukonda.

Kwa kanda ya 4:3, njia bora ni kupanua fremu iwe 768 kwa 576, yenye pikseli za mraba, badala ya kuipunguza kimo iwe 720 kwa 540. Mistari ya PAL hurekodiwa kwa zamu, ya witiri kisha ya shufwa, na kimo kikiguswa kabla mistari hiyo haijaunganishwa vizuri, kila kinachotembea huchanika kingoni.

Anayeichanganya kanda hiyo na video mpya ya simu, tuseme ya tembe la Livingstone huko Kwihara, yenye pikseli 1920 kwa 1080, aiweke ya zamani katikati kwa upana wa 1440 na kuacha weusi pembeni. Weusi huo si kasoro, hata mteja akilalamika. Kabla ya kukabidhi kazi, fundi atafute ngoma au sinia ya duara iliyopigwa picha kutoka mbele, aipime kwa rula upana na kimo, na vipimo vikitofautiana asimbe upya kutoka kanda ya asili.