Daftari la Kazi za Kikundi

Ndugu msomaji, tuseme mmevuna mahindi ya shamba la pamoja. Magunia 40 yamepangwa chini ya mwembe. Wanakikundi ni 20. Mwenyekiti anasema kila mtu achukue magunia 2.

Mama mmoja anasimama. Anasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi nimelima tangu Februari. Huyu bwana alikuja siku ya kupanda, tena tukamwona siku ya kuvuna. Tutapataje sawasawa?"

Yule bwana anajibu, "Mama, mimi nimelinda shamba usiku, wewe umelala."

Nani anasema kweli? Hakuna anayejua, maana hakuna aliyeandika.

Kuhesabu siku za kazi si jambo geni Kilosa. Zamani, katika mashamba ya mkonge kama yale ya Kimamba, mfanyakazi alipewa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila alipomaliza kazi ya siku, nafasi moja ilitiwa alama. Alipomaliza zote 30, alilipwa. Lakini wengi hawakujua kusoma. Hesabu ilikuwa mikononi mwa bwana shamba na wanyapara wake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vingi vya ujamaa viliweka daftari la mahudhurio, na mavuno yakagawiwa kwa siku za kazi. Daftari lilipoandikwa vibaya, watu walivunjika moyo, wakarudi kwenye mashamba yao wenyewe.

Daftari lenu liandikwe namna gani? Nunueni daftari la kawaida la shule. Kila kazi iwe na ukurasa wake: mahindi ukurasa mmoja, mpunga ukurasa mwingine, matofali ya zahanati ukurasa mwingine. Msichanganye. Matofali ni ya kijiji kizima, hayagawiwi kwa magunia.

Andikeni tarehe, jina, saa ya kufika na saa ya kuondoka. Kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 5 ni saa 4. Kubalianeni kwamba saa 4 ni siku moja ya kazi. Mama mwenye mtoto mchanga akifanya kazi saa 2, aandikiwe nusu siku. Asiandikiwe sifuri. Usiku mmoja wa kulinda uhesabiwe siku moja. Wale wanaoishi karibu na Mikumi watakubali upesi. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, lakini tembo hajui mpaka wa hifadhi. Anayekesha akipiga debe gizani amefanya kazi, tena ya hatari.

Mwandishi asome majina kwa sauti jioni ileile, kabla watu hawajatawanyika. Kosa la leo husahihishwa leo. Kosa la Machi likifika Julai limekuwa ugomvi.

Sasa rudini chini ya mwembe. Daftari la mahindi linaonyesha siku 400 za kazi. Magunia ni 40. Kwa hiyo siku 10 ni gunia 1. Yule mama ana siku 30, atapata magunia 3. Yule bwana ana siku 10, na 7 kati yake ni za kulinda usiku. Kumbe hakusema uongo. Atapata gunia 1.

Daftari lina faida nyingine, nami naiona kubwa kuliko hiyo ya kugawana. Linawasaidia kupanga kazi za mbele.

Tuseme ni Aprili. Kila mtu anatoa siku 2 kwa wiki. Watu 20, mara siku 2, mara wiki 4, ni siku 160. Hiyo ndiyo nguvu yenu ya mwezi. Sasa hesabuni kazi. Daftari la mwaka jana linaonyesha kwamba palizi ya ekari moja ya mahindi ilichukua siku 10. Mna ekari 8, basi ni siku 80. Mpunga ulichukua siku 15 kwa ekari. Mna ekari 4 bondeni, basi ni siku 60. Matofali yanahitaji siku 60. Jumla ni siku 200.

Mna 160. Zimepungua 40. Mkianza kazi zote tatu kwa pamoja, hakuna itakayokwisha, na majani yatameza mahindi.

Kipi kinaweza kungoja? Majani hayangoji. Matofali yanangoja. Tena Aprili ni masika, tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Pelekeni matofali mwezi wa Juni, kiangazi. Aprili zitabaki siku 20. Msizipangie kazi. Kuna homa, kuna misiba, kuna siku ambayo mvua haikatiki tangu alfajiri.

Zoezi

Mwezi wa Juni kikundi hiki kina siku 160 tena. Kila usiku watu 2 watalinda mahindi, kwa muda wa usiku 30. Matofali yatachukua siku 60. Zitabaki siku ngapi? Andika jibu lako. Kisha andika kazi za kikundi chenu za mwezi ujao, na siku zinazohitajika kwa kila kazi.