Wimbo wa Mtoto Baada ya Zamu

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi hapa twazungumza juu ya mishahara na saa za kazi. Leo tumfikirie mtoto mchanga tunayemwacha kwa jirani tuendapo kiwandani au shambani.

Mtoto husikia tangu tumboni. Akizaliwa, sauti ya mama yake anaijua. Hahitaji vitu vya dukani, anahitaji sauti yetu. Robo saa baada ya zamu yafaa sana, na akina baba wasiseme hiyo ni kazi ya wanawake.

Miezi 3 ya kwanza: Mpakate, mtazame usoni, mwimbie polepole. Akitoa sauti, nyamaza kidogo, kisha mjibu. Ndivyo mazungumzo yanavyoanza.

Miezi 4 hadi 6: Sasa anashika vitu. Tia punje chache za mahindi katika chupa ndogo ya plastiki, akatikise. Kaza sana kifuniko na uwe karibu naye, kwani punje ikitoka yaweza kumpalia.

Miezi 7 hadi 9: Anakaa. Mpe sufuria na mwiko apige ngoma. Mpige makofi pamoja.

Miezi 10 hadi 12: Mwimbie wimbo anaoujua, kisha ukatize ghafla. Atajitikisa kukuomba uendelee.

Imba kwa lugha yako, hata kama kambini watu wanasema nyingine. Mtoto aweza kujifunza mbili pamoja.

Michezo hii pia hupima masikio. Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti apelekwe zahanati mapema. Na mtoto mchanga asitikiswe kwa nguvu kamwe, hata akilia usiku kucha; ubongo wake waweza kuumia.

Sasa tuhesabu. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mama, na siku 4 kwa baba. Siku 60 zikiisha, mtoto hajatimiza miezi 3. Basi karibu michezo yote tuliyoitaja huja wakati mama amekwisha rudi kazini.

Kwa hiyo tumfundishe mlezi nyimbo zetu. Na katika mkutano wa tawi tudai chumba cha watoto karibu na kazi, chenye mlezi na mahali pa kunyonyesha. Mtoto wa mfanyakazi naye ana haki ya kuimbiwa mchana.