Si Kila Asiyeshika Mimba ni Tasa

Wahenga walinena kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Msemo huo ulikusudiwa kumliwaza mtu aliyeandamwa na mikosi. Lakini katika mabanda ya Unguja na Pemba aghalabu hugeuzwa kuwa hukumu. Mnyama akipandishwa mara mbili tatu asishike mimba, huitwa tasa, na mwenyewe huanza kumtafuta mnunuzi wa nyama. Leo tungependa kuwakumbusha wafugaji na wahusika wote kwamba mnyama huyo pengine si tasa hata kidogo. Huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika.

Mfano wa jambo hili tunaupata Bara Hindi. Huko hufugwa nyati wa maziwa, ambaye si mbogo wa porini tumjuaye katika Afrika, bali ni mnyama wa ukoo mwingine aliyezoea mkono wa binadamu tangu kale. Hesabu ya mifugo ya India ya mwaka 2019 ilionyesha nyati wapatao milioni 110. Maziwa yao yana mafuta kiasi cha asilimia 7, karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe wengi wa kisasa, na ndiyo yatoayo samli kwa wingi. Kwa mkulima mdogo wa Punjab au Gujarat, nyati mmoja au wawili ndio akiba yake.

Lakini nyati hubeba mimba siku 310 hivi, karibu mwezi mmoja zaidi ya ng'ombe. Ili azae kila mwaka, yampasa ashike mimba katika siku 55 tu baada ya kuzaa, nao ni wachache wanaoweza. Dalili zake za joto ni hafifu, hasa wakati wa hari kali. Na kila joto linalopita bure ni siku 21 za majani na pumba zisizoleta ndama wala maziwa mapya.

Miongoni mwa sababu za hasara hiyo ni kuvimba kwa mfuko wa uzazi. Vijidudu huingia wakati wa kuzaa, hasa pale kondo la nyuma linapokawia, ndama anapovutwa kwa mikono michafu, au mama anapozalia penye samadi na matope. Wanyama wengi hujisafisha wenyewe katika majuma machache. Wengine hushindwa, na baada ya siku 21 huonekana wakitoa ute wenye usaha. Wapo pia wasioonyesha dalili yoyote ya nje: ute ni safi kwa macho, lakini kila wakipandishwa hurudi joto. Hao ndio wanaodhulumiwa zaidi kwa jina la utasa.

Tiba ipo, nayo yataka ujuzi. Daktari wa mifugo hupima kwanza, na kuhakikisha kwamba mnyama hana mimba. Kisha anaweza kumchoma sindano ya homoni iitwayo prostaglandini, ambayo kwa mnyama aliye tayari kuipokea humrudisha joto na kuusaidia mfuko kutoa uchafu. Au hutia dawa ya kuua vijidudu ndani ya mfuko kwa mrija safi. Sindano hiyo humfanya mnyama mwenye mimba aitupe, wala haifai kushikwa na mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu. Dawa za kuua vijidudu nazo zikitumiwa kwa kubahatisha huzalisha vijidudu sugu, na maziwa hayafai kunywewa mpaka zipite siku zilizoandikwa na watengenezaji. Kuosha mfuko kwa dawa kali kunaweza kuuunguza na kuzidisha ubaya.

Yote haya yanatuhusu. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa imeepukana na mbung'o, na kikwazo kikubwa cha ufugaji wa ng'ombe bora wa maziwa kikaondoka. Ng'ombe hao wana gharama, na mfuko wao wa uzazi huugua kwa sababu zile zile na kutibiwa kwa njia zile zile. Kumchinja mmoja aliyeweza kupona ni kuimwaga mali ya nyumba nzima, pamoja na maziwa ya watoto.

Tunawashauri wafugaji wamwandalie mama pahali pakavu na safi pa kuzalia, wasilivute kondo la nyuma kwa nguvu, na wamwite mtaalamu likipita siku nzima bila kutoka. Mnyama atoaye usaha asipandishwe, si kwa dume wala kwa mrija. Tarehe za kuzaa, za joto na za kupandishwa ziandikwe. Na mnyama akitupa mimba, mtu asishike kitu kwa mikono mitupu, kwani baadhi ya maradhi hayo humwambukiza binadamu.

Kwa upande wa Serikali, tunaona ingefaa kumpima kila ng'ombe wa maziwa mwezi mmoja baada ya kuzaa kuwe sehemu ya mizunguko ya mabwana mifugo, mjini na mashamba, hata katika visiwa vidogo. Wanaopandisha kwa mrija wafundishwe kuutambua ugonjwa huu, na dawa zake zitolewe kwa mkono wa mtaalamu.

Hatusemi kwamba kila mnyama atapona. Wapo waliozeeka, wapo wenye njaa ambao dawa yao ni majani, na wapo matasa wa kweli. Lakini hilo lithibitishwe kwa kipimo, si kwa msemo. Tunawaomba wahusika walitie maanani, na mfugaji naye, kabla ya kumwita mchinjaji, amwite kwanza daktari.