Fahamu: Terminali bandia na kazi yake kwenye seva
Fundi aliyeko Same, chini ya Milima ya Upare, anaweza kurekebisha seva ya Linux iliyoko Dar es Salaam bila kupanda basi. Kinachomwezesha ni terminali bandia: vifaa viwili visivyoshikika vinavyoundwa na draiva, mithili ya ncha mbili za bomba. Ncha moja, inayofunguliwa kupitia /dev/ptmx, hushikwa na programu ya SSH, inayomuunganisha fundi na seva kwa mbali. Nyingine, ndani ya /dev/pts, hupewa programu ya kupokea amri, nayo hufanya kazi kama iliyounganishwa na kibodi na skrini halisi.

Bomba tupu lisingetosha. Ukibonyeza Ctrl na C, draiva hugeuza alama hiyo kuwa ishara ya kukatisha kazi inayoendelea. Huu ndio uhodari wake.

Kikomo cha kawaida cha Linux ni terminali bandia 4,096. Ukimaliza kazi, funga zako.