Dari ya Jiwe Kule Gozo

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Leo nawapeleka Gozo, kisiwa kidogo cha nchi ya Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania. Pale Dwejra, upande wa magharibi, mawimbi yamelila jiwe la chokaa mpaka pakatokea bwawa la mviringo, lenye upana wa mita 10 hivi na kina cha mita 15. Watu huliita Shimo la Buluu.

Huko mtu haendi kwa mashua. Mzamiaji hutembea kwa miguu juu ya mawe yenye ncha kali, mtungi wa hewa mgongoni, nguo nzito ya mpira mwilini, jua likimchoma. Akifika, kwanza hutazama bahari. Ikiwa imechafuka, hurudi zake na mtungi wake. Kuingia majini si kazi. Kazi ni kutoka, wimbi likikubamiza kwenye mwamba.

Bahari ikiwa shwari, huteremka polepole. Masikio yakibana, huziba pua na kupuliza taratibu hadi yafunguke. Akifika mita 10, mkandamizo unakuwa mara 2 ya ule wa juu, na hewa ya mtungini huisha upesi mara 2. Hapa nisikilizeni vizuri: mzamiaji hazuii pumzi kamwe. Hewa iliyobanwa hutanuka anapopanda, na ikikosa pa kutokea huchana mapafu.

Kwenye mita 8 ukuta umetoboka, tao pana linalotokea bahari kuu. Mkabala wake, chini, kuna pango. Maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine, kwa hiyo mle ndani kila kitu ni kijivu na buluu. Washa tochi! Ukuta mzima unawaka matumbawe ya rangi ya chungwa. Tazama juu uone mapovu ya pumzi yako yakitambaa darini, yaking'aa kama zebaki.

Dari hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite. Bahari ikiwa wazi juu yako, ukipatwa na shida unapanda. Pangoni, juu ni jiwe. Basi mzamiaji mwenye busara haendi mahali ambapo mwanga wa mlangoni haumfikii, wala hapigi mapezi ovyo, kwa sababu tope likitibuka hata tochi haioni. Wanaosomea mapango marefu hutandika kamba tangu nje, na hewa yao huigawa: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura.

Na bahari bado inachonga. Jirani na Shimo hilo lilisimama tao kubwa la chokaa, watalii wakilipiga picha kila siku. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikaliangusha. Siku hizi wazamiaji hupita ule uwazi wa ukutani kwenye mita 8, na kuogelea nje hadi kwenye mapande ya tao hilo lililoanguka, ambako mwani umeota na samaki wamekwisha kuhamia.