Tusiuite usonji utovu wa adabu

Mvulana mmoja wa Gredi ya Nane katika shule mojawapo ya pande za Magwagwa, kaunti ya Nyamira, nusura afukuzwe shule kwa kosa la kutii. Habari zake nilizipata nilipokwenda huko kumkagua mwanachuo wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, nami nimeona vyema kuzisimulia kwa kuwa zinatuhusu sote tunaoshika chaki.

Siku moja, darasa likiwa na zogo, mwalimu wake wa Kiswahili alimwuliza kwa ukali: "Kwani wewe ndiwe mwalimu hapa?" Mvulana akajibu kwa utulivu kwamba la, yeye si mwalimu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, akiamini kwamba amedhihakiwa, akafoka: "Toka! Sitaki kukuona tena katika darasa langu." Mvulana akakusanya vitabu vyake, akatoka. Tangu siku hiyo alihudhuria masomo mengine yote bila kukosa hata moja. Lakini kila kipindi cha Kiswahili kilipowadia, aliinuka kimya akaenda kusimama chini ya mkalitusi ulio nyuma ya madarasa, iwe jua iwe mvua, hadi kengele ilipolia. Mambo yakawa hivyo kwa majuma mawili. Walimu wakaona kwamba huo ni uasi wa wazi, tena uliopangwa. Mzazi akaitwa. Kijana alipoulizwa sababu, alieleza, macho yake yakiwa sakafuni, kwamba mwalimu alisema hataki kumwona tena darasani mwake, wala hakutaja siku ya kurudi.

Hakukuwa na kejeli katika jibu hilo. Kijana alikuwa amelipokea kila neno la mwalimu wake kama lilivyotamkwa, akalitimiza kwa uaminifu ambao wenzake hawana. Shule iliuona uaminifu huo kuwa ujeuri.

Kwa mtu wa taaluma ya isimu, kisa hiki hakina muujiza. Mwanafalsafa Paul Grice alichapisha mwaka 1975 makala mashuhuri kuhusu mantiki ya mazungumzo, na tangu hapo wanaisimu wamekuwa wakitenganisha kwa makini kile msemaji anachokitamka na kile anachokikusudia. Tawi linaloshughulikia tofauti hiyo ndilo pragmatiki. "Kwani wewe ndiwe mwalimu hapa?" kwa umbo lake ni swali, kwa kusudi lake ni karipio. Watoto wengi huvuka kutoka umbo hadi kusudi bila kufundishwa na yeyote. Wapo wengine ambao daraja hilo hawalioni. Sarufi yao huenda ikawa safi na msamiati wao mpana kuliko wa wenzao, lakini ile nusu ya lugha isiyotamkwa huwapita. Hiyo ni mojawapo ya dalili za usonji, hususan ule unaoitwa mwepesi.

Neno usonji sasa limezoeleka katika magazeti na hospitali zetu, ingawa wapo wanaopendelea tawahudi, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba dhana ya upweke. Hali yenyewe si ngeni. Daktari wa Kisovieti, Grunya Sukhareva, aliandika kuhusu watoto wa namna hiyo mwaka 1925. Mwaka 1943 Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, na miongoni mwa mambo aliyoyatambua ni hilo hilo la kulishika neno katika maana moja isiyonyumbulika. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya wavulana waliosema vizuri, tena kwa ufasaha wa kiutu uzima, lakini wasioelewana na wenzao. Ni Lorna Wing, daktari wa London na mzazi wa binti mwenye usonji, aliyeivumisha kazi ya Asperger mwaka 1981 na kusisitiza kwamba hizi zote ni sura za hali moja yenye wigo mpana. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliviunganisha vijina vyote chini ya jina moja, yaani wigo wa usonji.

Neno wigo lisitupotoshe. Wengi hudhani ni ngazi, juu wamo walio na usonji mzito na chini walio na kidogo. Sivyo. Usonji ni mkusanyiko wa sifa nyingi, na kila mtu ana mchanganyiko wake. Mmoja hasemi kabisa, lakini hasumbuliwi na kelele. Mwingine husema kama wakili mahakamani, ilhali mvua ya alasiri ikianza kuvurumisha mawe juu ya paa la mabati, kama inyeshavyo mara nyingi huku Gusii, huziba masikio na kujikunyata kana kwamba anapigwa. Yuko anayevurugikiwa siku nzima kwa sababu kipindi cha pili kimebadilishana nafasi na cha tatu. Yuko anayezama katika jambo moja hadi akalijua kuliko wazee. Mvulana wetu wa Magwagwa, kwa mfano, alikuwa na daftari la malipo ya bonasi ya majani chai, mwaka baada ya mwaka, ya viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe na Gianchore, naye aliyajua yote kwa moyo. Walimu wake waliniambia jambo hilo kama kichekesho.

Hata neno mwepesi lahitaji hadhari. Wepesi huo ni wa mtazamaji, si wa mwenye mzigo. Mtoto ambaye hasemi hutambuliwa mapema, na pengine husaidiwa. Huyu anayesema, anayefaulu mtihani wa hisabati na kufunga viatu vyake mwenyewe, haonekani kuwa na shida yoyote. Kwa hiyo kila anapokosea hudhaniwa amekusudia. Wasichana ndio hufichika zaidi. Wengi wao hujifunza kuiga vicheko, maneno na mikao ya wenzao kutwa nzima, na jioni hurudi bwenini wakiwa wamechoka kwa uchovu ambao hakuna anayeujua chanzo chake.

Hapa pana jambo linaloihusu Gusii mahsusi. Orodha nyingi za dalili za usonji zilitungwa Ulaya na Marekani, na karibu kila moja huuliza kama mtoto hutazama watu machoni. Katika jamii ya Abagusii, mtoto aliyelelewa vyema hamkodolei macho mtu mzima. Kanuni za chinsoni, zinazolinda staha baina ya kizazi na kizazi, hazimruhusu. Wataalamu walioongozwa na Robert LeVine, waliofanya utafiti hapa katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1994, waliona kwamba hata akina mama wa Kigusii hawakuwa na mazoea ya kutazamana sana na watoto wao wachanga wala kupiga nao soga, ijapokuwa waliwahudumia upesi kila walipolia. Mwalimu atakayefuata orodha ya kigeni bila kufikiri, basi, atawaona wenye usonji wengi mahali wasipo, na atampita yule aliye mbele yake.

Tumtambueje basi? Hapa tutazame matumizi ya lugha na ya kanuni zenyewe. Je, mtoto husalimu "Bwakire" kwa mkubwa na mdogo kwa namna moja, au hupita bila kusalimu kwa kuwa alikwisha kumsalimu mtu huyo asubuhi? Je, methali huipokea kama taarifa, hata aambiwapo kwamba haraka haraka haina baraka akatembea polepole hadi akachelewa gwaride? Je, anaweza kuzungumza kwa muda mrefu kuhusu jambo alipendalo bila kutambua kwamba msikilizaji amechoka? Jambo moja pekee si ushahidi. Wengi wetu, hata walimu na wahadhiri, tunazo chembe za tabia hizi, na kuwa nazo si kuwa na usonji. Usonji hutajwa pale sifa hizo zinapokuwa nyingi, zikawa zimeanza tangu utotoni, na zikamtatiza mtu katika maisha yake ya kila siku. Uamuzi huo ni wa wataalamu. Kazi ya mwalimu ni kuona, kuandika alichokiona, na kumshauri mzazi ampeleke mtoto kwenye kituo cha tathmini ya elimu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, imekuwa ikiwafunza walimu wa taaluma hiyo tangu mwaka 1986.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho, shule yenye wanafunzi 500 yatarajiwa kuwa na wanne hivi. Mwalimu anayeapa kwamba hajapata kumfundisha hata mmoja, yamkini amewafundisha wengi, na huenda baadhi yao aliwaadhibu.

Kuhusu chanzo, tuyaseme yaliyo wazi. Utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wazazi na hata baadhi ya wataalamu walitaja mapepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu. Wazungu nao walikuwa na uchawi wao: kwa miaka mingi madaktari wao waliwalaumu akina mama, wakidai kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio uliowafunga watoto ndani ya nafsi zao. Dai hilo limetupwa. Dai la mwaka 1998 kwamba chanjo huleta usonji nalo lilitupwa, na jarida lililolichapisha likaiondoa makala hiyo mwaka 2010. Kinachojulikana ni kwamba usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, na kwamba urithi una sehemu kubwa. Mama hana hatia, wala jirani hana.

Mwaka 2012 mwanazuoni wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja inayopasa kutufikirisha. Alisema kwamba tunapodai mtu mwenye usonji hatuelewi, tunasahau kwamba nasi hatumwelewi. Mvulana wa Magwagwa alishindwa kusoma karipio ndani ya swali. Lakini shule nzima, yenye walimu waliohitimu, ilishindwa kwa majuma mawili kusoma utiifu ndani ya kusimama chini ya mti. Kati ya pande hizo mbili, ni upi uliokuwa na elimu na mamlaka ya kuuliza kwanza?

Msaada unaohitajika hauna gharama kubwa. Mwalimu aseme anachokitaka: badala ya "Mnadhani hapa ni sokoni?" aseme "Nyamazeni, fungueni ukurasa wa kumi." Mabadiliko ya ratiba yatangazwe mapema na kuandikwa ubaoni. Mtoto anayeumizwa na kelele aruhusiwe kukaa mbali na dirisha au kutoka nje kidogo. Sisi wa Kiswahili, tunaojivunia methali na nahau, tuzifundishe hatua kwa hatua: maneno yasemavyo, hali inayotumiwa, kisha maana iliyokusudiwa. Mafundisho hayo yatawafaa wanafunzi wote, maana wengi huikariri methali bila kuielewa. Fauka ya hayo, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakikataza tena. Kumchapa mtoto kwa kosa asilolijua hakumfunzi lolote ila hofu.

Nanyi wanafunzi, mnamjua mwenzenu huyo kabla yetu. Ndiye mliyempa jina la kejeli, ndiye mnayemchochea aseme jambo ili mcheke. Kicheko kile cha darasani ndicho kilichomfanya mwalimu aamini kwamba ametukanwa. Mkimweleza mwenzenu taratibu kwamba "mwalimu hakuuliza, amekasirika," mtakuwa mmemfaa kuliko somo zima la fasihi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Chama cha Usonji cha Kenya, kilichoanzishwa na wazazi mwaka 2003, kimeipigania haki hiyo kwa muda mrefu. Lakini haki iliyoandikwa Nairobi hufika Magwagwa kupitia kinywa cha mwalimu, na kinywa hicho chaweza kuizuia kwa sentensi moja ya hasira.

Mvulana yule alipelekwa kwenye kituo cha tathmini, kisha kwa daktari wa watoto, na imebainika kwamba yumo katika wigo huo. Mwalimu wake, ambaye nakiri ni mtu mwema, alimwendea chini ya mkalitusi akataka kumwomba radhi kwa maneno mengi. Mwanachuo wangu akamnong'oneza afupishe. Basi akamwambia: "Kesho, saa mbili na dakika ishirini, nataka uje darasani kwangu, na siku nyingine zote pia." Kesho yake, saa mbili na dakika ishirini, kijana alikuwa ameketi mahali pake, daftari likiwa wazi.